Hela Imetoka, Haijafika

Tarehe 13 Oktoba 2022 nilirudi nyumbani saa mbili asubuhi kutoka shifti ya usiku, nikakuta barua pepe ya kampuni ya kadi yangu ya mkopo. Hawajapokea malipo ya mwezi, wamenitoza ada ya kuchelewa, dola 29. Niliisoma mara mbili nimesimama, viatu bado mguuni. Hela hiyo, dola 642.18, nilikuwa nimeilipa tarehe 3, siku tisa kabla ya siku ya mwisho. Nikafungua akaunti ya benki kwenye simu. Ilikuwa imetoka. Mbele yake pameandikwa kabisa: imelipwa.

Ilikuwa bei ya tairi nne za gari. Kadi ile siigusi hovyo. Nimelelewa Tanga, katika nyumba ambayo deni lilitajwa kwa sauti ya chini, na mwenye duka akipita mlangoni mtu anahisi kashikwa ugoni. Baba alikuwa akisema dawa ya deni kulipa. Basi mimi dawa nilikuwa nimeshakunywa, na homa iko palepale.

Nikampigia mdogo wangu. Yeye hajui lolote kuhusu kadi za Marekani, lakini ni wakala wa pesa kwa simu pale Ngamiani, na kazi yake kubwa, ukimwuliza, si kuweka na kutoa. Ni kuwatuliza watu waliotuma hela kwa namba isiyo yao. Kwake ilikuwa saa tisa alasiri, nasikia bajaji zinapita.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hela yangu imepotea."

"Meseji unayo?"

"Meseji gani?"

"Ya muamala, dada. Yenye namba."

Sikuwa nayo. Nilikuwa na mstari mmoja tu kwenye simu: tarehe, jina la kampuni ya kadi, kiasi.

"Haijapotea hiyo," akasema. "Imekosea namba. Angalia uliandika namba gani."

Ningemsikiliza siku ile ile ningejiokolea simu tano na maumivu ya kichwa. Lakini mimi ndiye dada mkubwa, ndiye niliyeko Ohio, nikaona anazungumza mambo ya kibandani. Nikapiga simu huduma kwa wateja.

Kabla ya hizo simu, niseme kitu kimoja kinachowaponza wengi. Namba ya kupiga ni ile iliyo nyuma ya kadi yako, au ile iliyo kwenye taarifa ya mwezi. Usiitafute mtandaoni. Mtu aliyepotelewa na hela ana haraka, na matapeli wanaweka namba zao za uongo wakiwasubiri wenye haraka. Dada mmoja wa kanisani kwetu alizungumza dakika arobaini na "mhudumu" aliyekuwa mpole kuliko wahudumu wote wa kweli. Upole ule ulipaswa kumshtua.

Simu ya kwanza, kampuni ya kadi: hatuoni malipo yoyote. Simu ya pili, benki: malipo yako yalikamilika. Simu ya tatu, kampuni ya kadi tena: waulize benki yako. Simu ya nne, benki: waulize wao. Nilikuwa kama mpira wa chandimu. Kilichoniuma ni kwamba kila mmoja alikuwa anasema kweli. Benki ilikuwa imetoa hela. Kampuni ya kadi, ikifungua akaunti yangu, ilikuwa haioni kitu. Hakuna aliyekuwa ananidanganya, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuinuka kitini.

Nimeishi nchi hii miaka tisa, na bado mwili wangu una mazoea ya M-Pesa. Kule nyumbani ukituma hela, kabla hujarudisha simu mfukoni meseji imeingia: kiasi, jina la aliyepokea, namba ya muamala, salio. Jina likija siyo, unapiga kelele hapo hapo. Hata ukilipia kitu cha serikali unapewa kontroo namba, na namba ile ndiyo inayoijua safari ya hela yako: huu ni ushuru wa nani, wa nini, kiasi gani. Huku, kwenye nchi ninayosikia ndiyo yenye fedha za dunia, hela inaweza kusafiri siku nne bila kumwambia mtu iko wapi. Wikiendi mabenki hayamalizani hesabu. Sikukuu vilevile. Jumatatu ya tarehe 10 Oktoba mwaka ule ilikuwa sikukuu ya baharia Columbus, yule yule aliyeupa mji ninaoishi jina lake, na posta na benki nyingi zilifungwa kwa heshima yake.

Simu ya tano ndiyo iliyonifungua macho. Mhudumu wa benki, mama wa makamo kwa sauti yake, hakuniuliza kama nimelipa. Aliniuliza nimelipa kwa njia gani: nilikwenda kwenye tovuti ya kampuni ya kadi nikawapa akaunti yangu wachukue, au niliingia kwenye tovuti ya benki nikaagiza benki ipeleke?

Sikuwahi kufikiri kwamba hizo ni njia mbili. Ni mbili, na tofauti yake ndiyo makala yote hii.

Ukilipa kwenye tovuti ya kampuni ya kadi, wao ndio wanaovuta hela kutoka benki yako. Umeshaingia kwa jina lako, wanakujua, hela ikifika haina haja ya kujieleza. Wanakupa na namba ya uthibitisho. Ukilipa kupitia benki, wewe ndiye unayesukuma. Hela inatoka nyumbani kwako peke yake, kama mtoto aliyetumwa dukani na karatasi mkononi, na kilichoandikwa kwenye karatasi ile ni kile ulichoandika wewe siku ya kwanza ulipomsajili mlipwaji. Ukikosea tarakimu moja, mtoto atafika dukani salama, hela anayo, ila hakuna anayejua katumwa na nani.

Halafu yule mama akaniambia jambo lililonifanya nikae kitako. Benki haikupeleka kwa njia ya kielektroniki. Ilichapisha hundi ya karatasi, ikaitia kwenye bahasha, ikaibandika stempu, ikaipeleka posta. Mimi nilibonyeza kitufe kwenye simu janja, na mahali fulani mashine ikatema karatasi. Kumbe hivyo ndivyo inavyofanyika kwa baadhi ya walipwaji, na mteja haambiwi kwa maandishi makubwa. Ukitazama vizuri kwenye ukurasa wa malipo utaona: siku mbili za kazi kwa kawaida maana yake ni njia ya kielektroniki, siku tano maana yake ni posta. Mimi sikuwahi kutazama.

"Je, hundi imeshalipwa?" nikamwuliza.

"Imelipwa tarehe 7. Nikutumie picha yake?"

Mbele na nyuma, nikamwambia. Na hili ndilo la kudai, mtu yeyote anayesoma hapa akiwa na hundi iliyozama. Kama hundi haijalipwa, iko njiani au imepotea posta, benki inaweza kuizuia na kukuandikia nyingine. Kama imeshalipwa, kuizuia hakuna tena, ila picha ipo, na upande wa nyuma ndiko kwenye siri. Kule utaona ni benki gani iliipokea na kwenye akaunti ya nani. Ukikuta nyuma kuna saini ya mtu usiyemjua, hiyo si hitilafu, ni wizi. Huku kuna watu wanaoiba bahasha za hundi kwenye masanduku ya posta, wanafuta wino kwa kemikali na kuandika majina yao, na hapo unaacha kubishana na kampuni ya kadi, unakwenda benki yako kuripoti wizi, na polisi pia. Lakini ikiwa nyuma kuna muhuri wa kampuni yenyewe, basi hela wanayo.

Nyuma ya hundi yangu kulikuwa na muhuri wao. Tarehe 7 Oktoba.

Mbele, chini ya jina langu, kulikuwa na namba ya akaunti. Niliitazama, nikatoa kadi kwenye pochi, nikailinganisha tarakimu kwa tarakimu. Hazifanani. Ilikuwa namba ya kadi yangu ya zamani.

Agosti mtu asiyejulikana alinunua vitu vyake kwa kadi yangu, kampuni ikaifunga na kuniletea mpya. Niliibadilisha namba kwenye simu, kwenye gesi, kila mahali, nikasahau ile niliyoiandika benki mwaka mmoja nyuma. Kwa wengi hilo halina madhara, maana kampuni huunganisha namba ya zamani na mpya na hela hujifikia yenyewe. Yangu haikuunganishwa. Hundi ilikwenda kwenye ghala la malipo, mashine ikasoma namba, ikakuta imefungwa, ikaiweka hela kwenye kapu la malipo yasiyojulikana ni ya nani. Hela zisizo na mwenyewe. Huko ndiko ilikokuwa imekaa siku zote nilizokuwa nabishana.

Nilimtumia mdogo wangu picha ya hundi. Alirudisha alama kumi za kucheka na maneno mawili: "Namba, dada."

Kosa langu, sikatai. Lakini kosa langu lilikuwa la namba. Hela waliipokea siku tano kabla ya muda kwisha, na jina langu liko palepale juu ya hundi.

Jioni ya tarehe 14 nilifanya jambo ambalo wenzangu wengi wanaliona ni ujinga: nililipa tena. Si dola 642, sikuwa nazo. Nililipa kiwango cha chini, dola 35, safari hii kwa kuingia kwenye tovuti yao wenyewe. Kazini nina rafiki, dada wa Kikongo kutoka Bukavu, tunazungumza Kiswahili chetu, chake kimechanganyika na Kifaransa na changu na Kisambaa. Nilipomwambia, akanitazama kwa huruma. "Mume wangu alikatala," akasema. "Alisema, nimelipa, sitalipa mara mbili." Alikuwa na haki, na hakuandika barua yoyote, alibaki na haki yake moyoni. Kampuni ikaendelea kuhesabu siku.

Hesabu ya siku iko hivi. Ukichelewa siku moja unaweza kutozwa ada na riba, lakini kwa kawaida kampuni hairipoti uchelewaji kwa mashirika ya kumbukumbu za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, mpaka zipite siku 30 tangu siku ya mwisho. Siku 30 zikipita doa linaingia, na doa hilo hukaa hadi miaka saba. Nchi hii hata mwenye nyumba ya kupangisha anachungulia huko kabla hajakupa ufunguo. Kwa hiyo dola 35 zangu hazikuwa za kukubali kosa. Zilikuwa za kusimamisha saa. Sheria yenyewe hainilazimishi kulipa kiasi kinachobishaniwa wakati uchunguzi unaendelea, mradi nimeandika, lakini mimi nilikuwa sijaandika bado, na nilijijua. Usingizi wa mchana wa mtu wa shifti ni mali, sikutaka kuuweka rehani kwa ajili ya kanuni.

Kuandika ndiko kulikonichukua muda. Simu wanazikubali, wanazijibu kwa heshima, wanasema "nimeweka maelezo kwenye akaunti yako". Hayo maelezo hayakulindi. Kuna sheria ya mwaka 1974, Fair Credit Billing Act, na ndani yake kukosa kuingiza malipo ya mteja kunahesabiwa ni hitilafu ya ankara, sawa na kutozwa kitu ambacho hukununua. Ila haki zake zinaamka kwa barua. Barua iwafikie ndani ya siku 60 tangu walipotuma taarifa ya kwanza yenye kosa. Nao wana siku 30 za kukujibu kwamba wameipata, na mizunguko miwili ya ankara, isiyozidi siku 90, ya kumaliza shauri. Katikati hapo hawaruhusiwi kukudai kiasi hicho wala kukuripoti kwamba hukukilipa.

Na anwani! Nyuma ya taarifa ya mwezi kuna anwani mbili. Moja ya kupeleka malipo, nyingine ya maulizo kuhusu ankara. Ukiipeleka barua yako kule kwa malipo, itaangukia kwenye mashine ile ile iliyoimeza hundi. Mimi nusura nifanye hivyo, bahasha nilikuwa nimeshaiandika.

Barua yenyewe ilikuwa nusu ukurasa. Mwalimu wangu wa darasa la saba angeifurahia, haikuwa na malalamiko hata moja. Jina, namba ya kadi mpya, namba ya kadi ya zamani, kiasi, tarehe hundi ilipotoka, tarehe hundi ilipolipwa, na ombi: itafuteni kwenye malipo yasiyotambuliwa, muiingize kwenye akaunti yangu kuanzia siku mliyoipokea. Nikaambatisha nakala ya hundi mbele na nyuma. Nakala, siyo kitu chenyewe. Nikaipeleka posta tarehe 24 kwa njia ya kusainiwa inapopokelewa, na kile kikadi chenye saini kiliporudi nikakibandika kwenye friji kama cheti cha mtoto.

Kipengele cha "kuanzia siku mliyoipokea" nilikipigania kwa sababu. Kampuni inatakiwa ikuhesabie malipo tangu siku yalipowafikia, siyo siku walipoyaona. Wana mwanya mmoja: kama ulilipa bila kufuata maelekezo yao, kwa mfano bila namba sahihi, nao wakaipokea hela hata hivyo, wanapewa siku tano za kuiingiza. Nilihesabu kwa vidole. Hundi tarehe 7, ongeza siku tano, tarehe 12. Siku ya mwisho ya kulipa ilikuwa tarehe 12. Hata kwa kunihukumu kwa ukali wote, nilikuwa sijachelewa.

Sijui kwa wengine, lakini kwangu hesabu ile ilinirudishia utu. Tangu asubuhi ile ya tarehe 13 nilikuwa nazungumza kwenye simu kama mtu anayeomba msamaha. Simu ya sita nilipiga nikiwa nimekaa, daftari mbele yangu. Daftari hilo nilianza kuliweka baada ya kugundua kuwa kila mhudumu mpya ananianzisha upya: tarehe, saa, jina la mhudumu, alichosema, namba ya shauri. Mdogo wangu ana kaunta buku la namna hiyo kibandani, miaka kumi na zaidi ya miamala kwa kalamu ya bluu, pamoja na kwamba simu inatunza kila kitu. Nilikuwa namcheka.

Namba moja zaidi, kwa wale ambao hela yao ilikwenda kielektroniki wala hakuna hundi. Malipo ya benki kwa benki huku yana namba yake ya ufuatiliaji, tarakimu 15. Haionekani kwenye simu yako. Benki inayo, uiombe kwa jina: namba ya ufuatiliaji ya malipo ya ACH, ndivyo unavyoitwa mfumo huo wa benki kwa benki. Ukiwapelekea kampuni ya kadi namba hiyo hawawezi tena kusema hawaoni. Na kabla ya yote angalia kama hela haijarudi. Malipo yenye namba ya akaunti isiyokuwepo mara nyingi hurudishwa ndani ya siku mbili tatu za kazi, yanaingia kimyakimya, na mtu anaweza kugombana wiki nzima juu ya hela iliyolala kwenye akaunti yake mwenyewe.

Yule shemeji wa Bukavu, mume wa rafiki yangu, alikuja kugundua doa lake walipokwenda kuomba mkopo wa gari. Ikabidi aandike kwa mashirika yote matatu, kila moja barua yake, na kila moja lina siku 30 za kuchunguza. Ushahidi alikuwa nao tangu mwanzo, kwenye droo. Doa lilitoka, lakini gari walikuwa wameshalinunua kwa riba ya mtu mwenye doa. Siku hizi ripoti hizo unaweza kuzitazama bure kila wiki kwenye annualcreditreport.com. Mimi huzitazama siku ya mshahara, kwa woga tu.

Tarehe 9 Novemba ilifika barua. Haikusema tumekosea. Ilisema malipo "yamepatikana", kana kwamba yalikuwa yamejificha yenyewe, na kwamba yameingizwa kuanzia tarehe 7 Oktoba. Ada ya dola 29 imefutwa. Nikafungua akaunti kuhakikisha, nikakuta riba, dola 11.46, bado imekaa. Ada hufutwa na mtu mmoja, riba huhesabiwa na mashine nyingine. Simu ya saba, dakika nane, nikasoma kutoka kwenye daftari, ikaondolewa.

Kisha nikaliona salio. Lilikuwa na alama ya kutoa mbele yake: -35.00. Zile dola zangu za kusimamisha saa. Kadi nilikuwa nimeifungia kabatini, sijanunua kitu, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii kampuni ya kadi ilikuwa inadaiwa na mimi. Nikampigia mdogo wangu kumpa habari. Alinyamaza kidogo, nasikia anamhesabia mteja noti.

"Tangu lini wanakudai... yaani, unawadai?"

"Kama mwezi hivi."

"Na ada ya kuchelewa umewatoza?"